Mume kahamishiwa Mtwara, na mimi nina mabelo mawili ya masweta

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi kota za jeshi huku Mbalizi, Mbeya. Mume wangu ni sajini. Tulioana mwaka 2011 na tangu hapo tumehama mara tatu: Tabora, Monduli, kisha hapa. Kila tukihama huwa naandika jina la mji na mwaka ndani ya mfuniko wa tranka letu kwa kalamu ya wino. Chini ya neno Mbeya imebaki nafasi ya mstari mmoja tu.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa bombani nakinga maji. Jirani yangu akaniuliza, "Mama Junior, lile kabati lako la vyombo utaliachia kwa shilingi ngapi?" Nikamwambia kabati siuzi. Akacheka, akasema, "Sasa Mtwara utalifikishaje?" Shangazi, hivyo ndivyo nilivyojua kwamba tunahama. Mume wa huyo jirani anakaa ofisini, mambo yote yanapita mkononi kwake. Niliondoka na ndoo haijajaa hata nusu.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda anapiga kiwi buti. Nikamuuliza. Hakuinua macho, aliendelea kusugua kiatu kile kile, akasema, "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia." Alikuwa anajua kwa siku kumi na sita. Anatakiwa kuripoti Mtwara katikati ya Julai.

Sasa nikueleze kinachonikaba. Tabora nilikaa tu nyumbani. Monduli nilipika maandazi, tukahamishwa nikiwa nadai watu wengi, na hakuna aliyenilipa. Hapa Mbeya ndipo nilipopata biashara inayonipenda. Nauza masweta ya mitumba, majaketi na soksi nzito. Unajua baridi ya huku, hasa mwezi huu wa Juni. Nafungua mzigo Mbalizi, na siku nyingine napanda gari hadi Isyonje kule kwa wakulima wa viazi. Huko mtu ananunua sweta mbili, avae moja juu ya nyingine. Ada, sare na hata mboga ya jioni vinatoka kwenye hayo masweta. Mwaka huu nilichukua mabelo mawili kwa mpigo, na zimebaki sweta kama 140 hivi. Mtwara nani atanunua sweta?

Kuna jambo jingine ambalo mume wangu halijui. Hayo mabelo niliyanunua kwa mkopo wa kikoba, shilingi 800,000. Pamoja na riba inakuwa 880,000. Nimesharudisha 300,000. Nilikopa mwezi wa pili, sikumwambia kwa sababu hapendi mikopo, alishaona wenzake wanavyokatwa mshahara hadi wanabaki na elfu hamsini.

Mtoto wangu mkubwa yuko darasa la saba. Mdogo yuko la tatu. Mama mkwe wangu yuko Tukuyu, anasema nimpe mkubwa akaishi naye, sisi tuhame na mdogo. Mume anasema tunahama wote kwa pamoja, familia haigawanywi. Majirani nao wana lao: wanasema askari akienda peke yake pwani harudi na moyo alioondoka nao, na kwamba mke wa askari hana kwao, kwao ni pale mume alipopangiwa.

Tangu siku ile tunaongea kwa midomo ya watoto. "Mwambie baba chai tayari." "Mwambie mama nimeshiba." Junior juzi alichoka, akasema, "Si mmekaa meza moja?"

Nimfuate au nibaki?

Mama Masweta, Mbalizi

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza, namba ya kikosi uliyoiandika nimeifuta, na hata tarehe kamili ya kuripoti nimeiondoa. Mambo ya kambi hayaanikwi hadharani, na kama umeshayaweka kwenye status ya WhatsApp, yaondoe kabla hujamaliza kusoma hapa.

Nimeishi kota miaka 19, kituo cha mwisho kikiwa Mafinga, kwa hiyo hiyo bomba yako naifahamu. Kila kota ina bomba ambalo habari hufika kabla ya maji. Mwaka 1986 niliacha ekari nzima ya mahindi Songea, yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, kwa sababu baba watoto aliingia Ijumaa jioni akasema Jumatatu tunaondoka. Aliyekula mahindi yale simjui hadi leo. Kwa hiyo usidhani nitakwambia "vumilia, ndiyo maisha ya jeshi". Nilivumilia mimi, na mahindi yaliliwa.

Umeniuliza umfuate au ubaki. Nimeisoma barua yako mara tatu na sioni mahali umesema hutaki kuishi na mumeo. Hutaki kuondoka katikati ya Julai, na hutaki kujulishwa na jirani. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na hilo la bombani, maana ndilo linalowafanya mtumiane watoto kama matarishi. Mumeo alikosea. Mtu aliyezoea kupokea amri na kuitikia "ndiyo afande" hufika nyumbani akidhani na huku habari ni ya kutangazwa siku ya gwaride, ikiwa imeshaiva. Siku kumi na sita alikuwa anaogopa uso wako, basi. Mwambie hivi, kwa mdomo wako mwenyewe, watoto wakiwa wamelala: "Safari nyingine nataka niwe wa kwanza kujua, hata kama ni tetesi, hata kama itabatilishwa kesho yake."

Ila kabla hujafungua kinywa kumlaumu kwa siku kumi na sita, hesabu za kwako. Mkopo wa mwezi wa pili, leo ni Juni. Mwanangu, wewe una miezi minne! Mimi sikukuti na kosa kwenye kukopa, umekopa kununua bidhaa, na bidhaa inauzika. Lakini siku mtakapokaa kuzungumzia Mtwara, deni hilo litakuwa limekaa na ninyi pale mezani hata usipolitaja. Kila akisema "uza tuondoke", wewe utakuwa unapiga hesabu ambayo yeye haioni, na atakuona mbishi tu. Mwambie usiku huo huo. Mtoe siri zenu siku moja, mwende sawa. Na uje na karatasi: nilikopa kiasi hiki, nimelipa hiki, bado 580,000, nina sweta 140. Mwanaume anayeogopa mikopo hutulizwa na hesabu kuliko machozi.

Hesabu yenyewe tuifanye hapa hapa. Sweta 140, tuseme kwa wastani unauza 5,000, ni 700,000. Toa deni, unabaki na 120,000. Hapo ukiwa umeuza zote, na wewe unajua kwamba thelathini za mwisho ndizo zile zenye tundu kiwikoni, zitakwenda kwa buku mbili. Basi inatosha kufunga deni, na kidogo cha juu. Lakini inatosha ukiuza Juni, Julai na Agosti, baridi ikiwa bado inang'ata. Ukiyauza yote kwa jumla ndani ya wiki tatu ili uwahi lori la mumeo, mnunuzi ataona una haraka na atakupa 2,000 kwa sweta. Hiyo ni 280,000. Deni litakufuata hadi Mtwara.

Sasa angalia kalenda. Mtoto wako wa darasa la saba anafanya mtihani wa taifa Septemba. Ameshasajiliwa hapo shuleni kwake, kituo chake ni hapo. Kumng'oa Julai, akakutane na walimu wapya na joto jipya, miezi miwili kabla ya mtihani, ni kumtafutia balaa. Msimu wa sweta unaisha mwishoni mwa Agosti. Mtihani unaisha Septemba. Mumeo anatangulia Julai, ninyi mnafuata mwishoni mwa Septemba, mtihani ukiwa umekwisha, deni limelipwa na mvua za huku hazijaanza kulowesha magodoro juu ya lori. Mumeo anasema familia haigawanywi, na mimi nakubaliana naye. Wiki kumi au kumi na moja siyo kugawana. Mpe tarehe, asiione kama umekataa.

Wazo la mama mkwe la kumchukua mkubwa, mshukuru sana lakini mkatae kwa adabu. Kutoka Tukuyu hadi shuleni kwake Mbalizi hakuna mtoto anayekwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo ingebidi ahamishwe shule na usajili ule ule tunaoukwepa kuugusa. Mwombe bibi kitu kingine: aje yeye akae na ninyi wiki ya mtihani. Mabibi wanapenda kuitwa.

Kota ndilo eneo ninaloliogopa zaidi. Mumeo akishahama, nyumba ile ina mwenyewe mwingine anayekuja na familia yake. Asiseme "watatuelewa". Aandike barua mapema, kwa kupitia ngazi zake, aombe familia ibaki hadi mwisho wa Septemba kwa sababu ya mtihani wa mtoto, na aambatanishe barua ya mwalimu mkuu inayothibitisha kwamba mtoto ni mtahiniwa. Kwenye barua hiyo hiyo au nyingine aulize pia habari ya usafiri wa mizigo na posho ya uhamisho: vipi ikiwa familia inafuata baadaye? Aulize kabla ya kuondoka, maana akishakuwa Mtwara atakuwa anaulizia ofisi ya mbali. Ombi likikataliwa, tafuteni chumba na sebule karibu na shule. Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi mitatu mkononi, na miezi mitatu ndiyo mnayohitaji. Hiyo kodi iwe kwenye mazungumzo ya usiku ule, isitoke kwenye masweta.

Mtoto wa darasa la tatu, huyo hana tatizo. Wiki mbili kabla ya kuondoka nenda kwa mwalimu mkuu, omba uhamisho, hakikisha umeondoka na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, umeiandika mahali ambapo maji hayafiki. Nimeona mama amefika shule mpya na begi la mtoto, chupa ya uji, picha za pasipoti, kila kitu, namba hana.

Kuhusu mkubwa kuna jambo wazazi wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Akifanyia mtihani Mbeya, akifaulu atapangiwa sekondari ya huko huko Mbeya. Majina hutoka kuelekea mwisho wa mwaka na kidato cha kwanza huanza Januari. Kwa hiyo mkishafika Mtwara usikae ukisubiri. Nenda mapema kwenye shule za sekondari za karibu na kambi, uliza kama wana nafasi ya kupokea mwanafunzi, ili majina yakitoka uwe unajua barua ya uhamisho unaielekeza wapi.

Haya, tuje kwenye swali lililonifanya nicheke: Mtwara nani atanunua sweta? Hakuna. Usibebe hata kumi ukidhani utapata wagonjwa wa homa. Lakini, mwanangu, wewe huuzi sweta. Unauza mitumba. Unajua kufungua belo, kuchambua, kupanga bei ya kwanza na ya mwisho, kujua mteja anayeshika-shika tu na yule aliyeshakuja na hela. Hiyo kazi haina baridi wala joto. Tena utafika kipindi kizuri. Kusini kuanzia Oktoba ni msimu wa korosho, minada inafunguliwa, mkulima akilipwa ananunua nguo za watoto, mashuka, khanga, magauni mepesi. Mumeo akitangulia mpe kazi: Jumamosi moja azunguke sokoni, akuambie kuna nani anauza nini na kwa bei gani. Atalalamika kwamba yeye siyo mtu wa sokoni. Aende hivyo hivyo. Akuletee na picha.

Mtaji utautoa wapi? Hisa zako za kikoba usizilazimishe kutoka sasa. Vikoba vingi huvunjwa mwisho wa mwaka, na anayetoka katikati mara nyingi hupoteza faida. Maliza deni ukiwa bado unakaa nao kwenye kikao, waage vizuri, mwachie katibu namba yako ya simu, watakutumia fungu lako wakivunja. Kuondoka na deni ukaahidi kutuma ndiyo njia ya kuwa hadithi ya bombani kwa miaka mitano.

Mtwara usiidharau kwa kitu kimoja: malaria. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na watoto wako wameshakaa kwenye baridi hii kiasi cha kusahau mbu. Mtwara ni pwani. Chandarua kipakiwe mahali ambapo mkono unafika usiku ule ule wa kufika, kisiwe chini ya masufuria. Mtoto akichemka mwili, hata kama unadhani ni uchovu wa safari, kapime. Na safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 1,000: Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi. Msijikaze kuimaliza kwa mkupuo na watoto. Laleni Songea. Mkipita mbele ya shamba lolote la mahindi nisalimieni.

Majirani na moyo wa askari pwani, hapo sina maneno mengi. Nimeona waliotangulia wakatulia, na nimeona wanaolala kitanda kimoja na wake zao kila siku ambao hawajatulia. Ninachokijua ni kwamba simu ya saa tatu usiku, ya kila siku, yenye habari za kawaida kabisa (Junior kapata ngapi hesabu, gesi imeisha, leo Isyonje kumenyesha) inafanya kazi kubwa. Atatamani kuwa nyumbani. Simu ya kuulizia "uko wapi, uko na nani" inamfanya azime.

Na lile tranka. Mpe atangulie nalo. Lakini kwenye ule mstari mmoja uliobaki ndani ya mfuniko, usiandike wewe safari hii. Mpe kalamu aandike yeye, mbele yako, Mtwara na mwaka. Halafu pembeni yake, kwa herufi ndogo, aandike "Mama Junior: Septemba". Afike nalo huko, kila akitoa shati alione.

Kabati la vyombo, uza. Litafika Mtwara likiwa mbao. Ila usimuuzie yule wa bombani kwa bei ya kwanza atakayotaja, maana yeye ndiye aliyeanza kujua kwamba mnahama, na ana siku kumi na sita za kupanga hesabu zake.